Kulitambua Kerezo la Zamani Kabla ya Kulipa



Anayetaka kufungua karakana ndogo ya vyuma mara nyingi huanza na mashine ya kukereza iliyokwishatumika, kwa kuwa mpya hawezi kuimudu. Huoneshwa kerezo lililopakwa rangi mbichi, lisilo na jina, na kuambiwa kwamba ni la Mwingereza na kwamba vyuma vya zamani havifi. Huenda ni kweli. Lakini jina si pambo. Gia ikivunjika, jina ndilo litakaloamua kama utapata nyingine au utabaki na chuma chakavu ulichokinunua kwa bei ya mashine.

Rangi tuiache, haishuhudii lolote. Bamba la jina nalo, hata likiwapo, lisiaminiwe peke yake, kwani kilichofungwa kwa skrubu mbili hufunguliwa na kuhamishwa. Tena jina hilo laweza kuwa la muuzaji, si la mtengenezaji. Kule Marekani, kampuni ya Sears iliuza makerezo kwa jina la Craftsman, ilhali mengi yalitengenezwa na Atlas Press ya Kalamazoo, Michigan. Dalili yake ni nambari ya modeli inayoanza na 101. Asiyelijua hilo atatafuta vipuri vya Craftsman huku vya Atlas vikimfaa.

Shahidi wa kuaminika zaidi ni chuma chenyewe. Lipanguse kerezo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Utakuta nambari za namna mbili, na wengi huzichanganya. Zile zilizoinuka zilitokana na kalibu: ni nambari za sehemu ile tu, nazo hujirudia katika mashine nyingine za aina hiyo. Zile zilizogongwa zikazama ndizo, kwa kawaida, nambari ya mashine yako. Katika makerezo ya South Bend, kampuni iliyoanzishwa Indiana mwaka 1906, nambari hiyo hugongwa juu ya kitanda cha mashine, mwisho wa upande wa kulia, kati ya reli ya mbele yenye umbo la V na reli bapa iliyo nyuma yake. Umbo la reli lenyewe ni ushahidi pia. Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, tangu miaka ya 1940, reli zake ni bapa.

Kisha pima, wala usikubali kipimo cha mdomo. Waingereza walizoea kutaja kimo kutoka kitandani hadi katikati ya chaki. Wamarekani walitaja kipenyo cha kitu kikubwa kabisa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda, yaani mara mbili ya kimo hicho. Kwa hiyo Myford ya inchi 3½ hukereza kipenyo kilekile cha mashine ya Kimarekani ya inchi 7. Muuzaji asiyeijua tofauti hiyo, au anayeijua vizuri mno, anaweza kukuuzia nusu ya ulichodhani unanunua.

Omba chaki ifunguliwe, uhesabu nyuzi za mhimili unaoibeba. ML7 ina kipenyo cha inchi 1⅛ na nyuzi 12 kwa kila inchi. South Bend ya inchi 9 kwa kawaida ina inchi 1½ na nyuzi 8. Chaki ya moja haifungi kwenye nyingine. Mota haitakusaidia katika utambuzi, kwani hubadilishwa mara kwa mara. Angalia tu kama inadai umeme wa fezi tatu ambao huna.

Mkikubaliana, risiti iandikwe jina la mtengenezaji, modeli, nambari iliyogongwa na kipimo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini maneno yaliyosemwa sokoni bila shahidi ni vigumu kuyathibitisha. Muuzaji aliyetaja Myford asubuhi nzima, kisha akakataa kuliandika jina hilo, amekwisha kukujibu. Mlipe bei ya mashine isiyojulikana, au mwachie mashine yake. Akiandika, piga picha ya nambari iliyo kitandani kabla mashine haijapakiwa garini, kisha uihakiki tena inaposhushwa.