Jina la Mgonjwa



Mnamo Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili walibadilishwa. Aliyekwenda kutibiwa goti alipasuliwa kichwa. Mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa mguu, na baadaye akafariki dunia. Jina lao la kwanza lilikuwa moja. Pale palikuwa na madaktari bingwa na vifaa ambavyo sisi wa Likawage hatuvioni. Kilichokosekana ni swali dogo: wewe ni nani, na unaumwa wapi?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi: kabla ya nusukaputi na kabla ya kisu, jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pake vithibitishwe kwa sauti.

Sisi tumezoea kumnyamazia daktari kwa heshima, hasa tukiwa tumefika Kivinje kwa nauli ya kukopa. Heshima hiyo haimsaidii hata daktari mwenyewe. Mgonjwa asindikizwe na ndugu ajuaye jina lake kamili, ugonjwa wake na dawa anazotumia, naye aulize bila kuona haya. Yakitokea madhara, ombeni maelezo kwa maandishi, kisha mwandikieni Mganga Mkuu wa Wilaya. Msiporidhika, Baraza la Madaktari Tanganyika. Asiyejua kuandika barua ya namna hiyo aje kwa katibu wa kamati yetu.