Mgeni Katika Shamba la Boazi

Tunazungumza nanyi kutoka Upper Hill, kilima kilicho upande wa magharibi wa katikati ya Nairobi. Somo letu latoka katika Kitabu cha Ruthu, sura ya 2. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo na asikilize tu, kwa maana habari yenyewe twaijua tangu shule ya Jumapili.

Kila siku ya kazi, kabla ya saa mbili asubuhi, njia zote zipandazo kilimani hapa hujaa watu. Wengine hushuka matatu pale Community, wengine huja kwa miguu kutoka Kibera. Wauguzi huelekea Hospitali ya Kenyatta, mawakili na wenye kesi huelekea Mahakama ya Milimani, makarani huingia katika majumba marefu ya benki na bima. Na katikati yao wamo walioshika bahasha ya vyeti mkononi, wakienda mlango hadi mlango kutafuta kazi. Baadhi ya hao walizaliwa Bukavu, Bujumbura, Juba, Mogadishu au Addis Ababa. Walikimbia vita na mateso, na sasa wanalipa kodi ya nyumba Kayole, Kasarani, Githurai au Eastleigh. Leo tuwafikirie hao.

Ruthu alikuwa mjane, Mmoabi, mgeni katika mji wa Bethlehemu. Alikuja pamoja na mkwewe Naomi, nao hawakuwa na akiba yo yote. Yalikuwa majira ya kuvuna shayiri. Ruthu hakukaa nyumbani kungoja msaada. Aliomba ruhusa kwa mkwewe, akatoka kwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji, akafika katika shamba la Boazi.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, sheria ilikuwapo. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 19 na Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilimwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuchukua yaliyosalia. Hayo yalikuwa ya maskini, yatima, mjane na mgeni. Basi Ruthu alikuwa na haki ya kuokota.

La pili, haki hiyo peke yake haikutosha. Boazi alimwambia asiende shamba la mtu mwingine, tena akawakataza vijana wake wasimguse. Maana yake ni kwamba katika shamba jingine mwanamke mgeni angeweza kusumbuliwa na kufukuzwa, ijapokuwa Torati ni ile ile. Sheria ilimfikisha Ruthu ukingoni mwa shamba. Alihitajika mtu wa kumwingiza.

Wapendwa, Kenya nayo ina sheria. Kabla ya mwaka 1991 wakimbizi hapa walikuwa wachache, wengi wao wakitoka Uganda, nao waliweza kukaa mijini na kufanya kazi. Kisha vita vya Somalia, Sudan na kwingineko vikaleta watu wengi kwa mara moja. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, na mkimbizi akatazamiwa kukaa kambini akingoja mgawo wa chakula. Mwezi wa Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote waishio mijini warudi kambini. Kituo cha Sheria na baadhi ya wakimbizi walipeleka shauri Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 mahakama ikaibatilisha amri hiyo. Mwaka 2014 ukaja msako mwingine, na wengi walishikwa wakapelekwa uwanja wa Kasarani.

Baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Sheria hiyo yasema kwamba mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, au kufanya kazi ya taaluma yake endapo vyeti vyake vimekubaliwa na wenye mamlaka nchini. Kipo pia kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho hutolewa kwa mkimbizi bila malipo. Haikufungua milango yote. Wengi wameandikishwa kambini, na hawawezi kutoka bila ruhusa. Lakini haki ya kufanya kazi imeandikwa.

Basi mbona bahasha zile bado zinazunguka? Tuchukue mfano wa mama mmoja, muuguzi kutoka Bukavu. Cheti chake kimeandikwa kwa Kifaransa. Kabla ya kushika sindano katika hospitali ya Kenya, cheti hicho lazima kitafsiriwe, kitambuliwe, na yeye aandikishwe na Baraza la Wauguzi. Hiyo ni njia ndefu kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi kwa kufulia watu nguo. Akiomba kazi nyingine, karani anaitazama kadi yake ya mkimbizi kama kitu kisichojulikana, anaogopa kukosana na serikali, anamrudishia. Akifungua kinywa, watu wanacheka Kiswahili chake cha Kongo, ambacho ni Kiswahili cha kwao tangu utoto. Na mwisho wa fomu ya maombi kuna mistari mitatu ya kuandika majina ya watu wanaomfahamu. Hapo ndipo kalamu yake inasimama. Waliomfahamu wamebaki Bukavu, au wametawanyika, au wamekufa.

Sisi sote twajua jinsi kazi nyingi za Nairobi zinavyopatikana. Mtu humwambia mwenzake kwamba mahali fulani wanatafuta dereva, naye yuko kijana anayemjua. Neno la anayekujua hufungua mlango ambao cheti hakikufungua. Mkimbizi ana mikono, na mara nyingi ana ufundi. Anachokosa ni mtu wa kusema kwamba anamjua. Na kanisa ni nini, wapendwa, kama si watu wanaojuana kwa majina?

Turudi shambani, tutazame Boazi alifanya nini.

Kwanza, aliuliza habari zake. Alimwona mgeni, akamwuliza msimamizi wa wavunaji, naye msimamizi akaeleza alikotoka, na kwamba amekuwa kazini tangu asubuhi. Ni rahisi kumwuliza mgeni anahitaji nini, kisha tukampa unga na nguo. Hilo ni jema, na lisikome. Lakini tumwulize pia anajua kazi gani. Kila ushirika waweza kuweka meza moja baada ya ibada, na daftari, na mzee wa kanisa au mama mmoja mwenye subira. Aandike: huyu ni fundi cherehani, huyu ni fundi wa umeme, huyu amefundisha Kifaransa miaka kumi. Daftari hilo ni mwanzo wa kujuana.

Pili, Boazi alisema na wafanyakazi wake. Katika viti vyetu vya kanisa wamo makandarasi, matroni, wakuu wa shule, wenye maduka na maafisa wanaoajiri watu. Hao ndio wasimamizi wa wavunaji. Waambieni kwamba kumwajiri mkimbizi aliyetambuliwa, mwenye kibali chake, si kuvunja sheria. Mwajiri aandike barua ya kazi, na mmoja wetu amsindikize huyo ndugu katika Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na Idara ya Uhamiaji pale Nyayo House, maana anayekwenda peke yake huchoka haraka. Akitokea mtu njiani anayeuza kibali, mkimbieni: kitu kinachotolewa bure hakina dalali. Nasi tukiandika barua ya kumshuhudia mtu, tuandike yale tunayoyajua tu. Ushuhuda wa uongo haumsaidii mgeni, na kesho utamfungia mlango mwenzake.

Tatu, Boazi alimketisha pamoja na wavunaji wake, wakala chakula kile kile na kunywa maji yale yale. Hapa twafika kwenye malipo. Wako wanaomchukua mgeni nyumbani au dukani kwa sababu tu ni wa bei rahisi, wakijua hawezi kwenda kushtaki. Agizo la mishahara lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha Nairobi, kwa kibarua na kwa mtumishi wa nyumbani pia, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Agizo hilo halikusema kwamba mzaliwa wa Goma alipwe nusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka kazi zenye thamani sawa zipate malipo sawa. Na Torati yaagiza kwamba mfanyakazi maskini, awe ndugu au mgeni, apewe ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautegemea. Kwa hiyo, mama unayemwita mgeni aje kukufulia nguo, patana naye kabla hajaloweka nguo ya kwanza, na umlipe kabla hajafika langoni.

Nne, Boazi aliwaamuru vijana wadondoshe masuke kwa makusudi, ili Ruthu apate kuokota. Alimwongezea bila kumwaibisha. Ushirika waweza kumlipia fundi ada ya mtihani wa ufundi wa serikali, ili apate cheti kinachojulikana hapa. Waweza kumkopesha fundi cherehani mashine. Waweza kufungua darasa la Kiswahili na Kiingereza siku ya Jumamosi kwa ndugu wa Ethiopia na Sudan Kusini. Hayo ndiyo masuke yetu ya kudondosha.

Twajua wako wasikilizaji wanaosema: vijana wetu wenyewe wamemaliza chuo na wamekaa nyumbani, mbona mnatafutia wageni kazi? Neno hilo si la kudharau. Linasemwa na wazazi waliouza ng'ombe na shamba kulipa karo.

Tunawajibu hivi. Mgeni asiye na karatasi wala mtetezi hukubali malipo ya chini kabisa, na mwajiri mwenye tamaa humtumia kushusha ujira wa wote. Ukitetea ujira wa mgeni, umetetea na ujira wa mwanao. Tena mgeni anayefanya kazi hununua, hupanga nyumba, hufungua duka, huajiri. Uchunguzi wa tawi la Benki ya Dunia mwaka 2018 ulikuta maduka zaidi ya 2,000 Kakuma, katika jangwa la Turkana, yakiwahudumia wakimbizi na wenyeji. Hata hivyo hatusemi kwamba haitakuja siku ambapo mwenyeji na mgeni wataomba nafasi moja. Siku hiyo mwajiri apime kazi ya kila mmoja, na amchukue aliye bora. Hatuombi upendeleo. Tunaomba mgeni naye apimwe.

Tena tukumbuke tulikotoka. Naomi na mumewe walihamia Moabu kwa sababu ya njaa, wakakaa huko kama miaka kumi. Walipokea kwanza kile ambacho Ruthu alikuja kukiomba baadaye. Na Boazi, kwa ukoo ulioandikwa na Mathayo, alikuwa mwana wa Rahabu, mwanamke wa kigeni. Alijua mgeni ni mtu wa namna gani, kwa sababu mmoja wao alimlea.

Sisi nasi tunayo historia. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Wakenya maelfu walivuka mpaka kuingia Uganda, wakikimbia fujo za baada ya uchaguzi, nao wakapokewa. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa wakati wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere alikimbia nchi yake usiku kwa miguu. Na katika miaka hiyo walimu waliokimbia Uganda walifundisha hesabu, sayansi na Kiingereza katika shule zetu za sekondari. Wako wazee katika Upper Hill hii, wenye ofisi na vyeo, waliofundishwa na wakimbizi. Wakati ule mtu fulani, mkuu fulani wa shule, alikubali kumpa mgeni chaki.

Paulo alipofika Korintho aliwakuta Akila na Prisila, waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Matendo ya Mitume sura ya 18 yatuambia alikaa kwao, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja: kushona mahema. Wageni wale walipopata kazi, walipata nyumba. Na walipopata nyumba, Mtume wa Bwana alipata mahali pa kukaa. Ndugu msikilizaji, hujui ni nani atakayelala katika nyumba ambayo wewe ulisaidia kuisimamisha.

Na tuombe.

Ee Mungu, Baba wa yatima na Bwana wa mjane, unayempenda mgeni na kumpa chakula na mavazi, uwaangalie wote wanaotembea leo Nairobi wakitafuta kazi, wenyeji na wageni. Uwape nguvu wasikate tamaa mlangoni. Uwape wenye mashamba moyo wa Boazi, na wasimamizi wao kinywa cha kusema kweli. Utufundishe kumwuliza mgeni jina lake, na kazi yake, na kutoona haya kusema kwamba twamjua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye ukoo wake ulipitia kwa Ruthu Mmoabi. Amina.