Pakiti Moja ya Mbegu kwa Asiyewahi Kulima

MSIMULIZI: 

Leo ninazungumza na wewe ambaye hujawahi kulima. Huenda kule Uvira ulikuwa fundi cherehani, au Bukavu ulikuwa ukiuza mikate, na mboga ulizinunua sokoni kwa fungu. Sasa uko ng'ambo ya mpaka, umepewa pakiti ya mbegu, na jirani anakuambia: "Panda tu, zitaota."

Hiyo "panda tu" imepoteza mbegu nyingi. Pakiti hutolewa mara moja, na ya pili huna hakika nayo. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi walioko Tanzania hadi nusu. Mboga haichukui nafasi ya unga na mafuta, tusidanganyane. Lakini mwenye lengalenga mlangoni hauzi kikombe cha unga wa watoto ili apate fungu la majani.

Kabla ya yote, mimina mbegu kiganjani uzitazame. Zikiwa na rangi isiyo ya kawaida, nyekundu, ya waridi, ya bluu au kijani kikali, zimepakwa dawa. Haziliwi, hata zikioshwa, hata zikichemshwa. Haya ninayasema hasa kwa mahindi na maharage ya mbegu, maana njaa ina vishawishi vyake. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na pakiti iwekwe mbali na watoto na kuku.

Sasa zijaribu. Hesabu mbegu 10, zitandaze juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke ndani ya sahani mahali penye joto. Kiwe na unyevu kila siku, kisielee majini. Lengalenga, ambayo Watanzania huita mchicha na Waganda dodo, huanza kutoa mzizi baada ya siku 3 hadi 5. Nyanya huweza kufika siku 10. Zikichipua 8, mbegu ni nzuri. Zikichipua 4, ziatike kwa wingi maradufu. Isipochipua hata moja, umepoteza mbegu 10 na hukupoteza jasho la wiki mbili.

Ukishajua mbegu ni nzima, tatizo linabaki udongoni. Anayeanza huogopa ndege na jua, kwa hiyo huzika mbegu chini sana. Fikiria mbegu ya lengalenga: ni ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe. Ndani yake mna chakula kidogo mno, cha kuusukuma mche hadi kwenye mwanga kwa safari fupi tu. Ukiifukia kwa kina cha kidole, inaota kweli, lakini inafia njiani, na wewe juu unasema mbegu ilikuwa mbovu. Kanuni ni nyepesi: funika mbegu kwa udongo wenye unene wa mara mbili au tatu ya mbegu yenyewe. Haragwe liingie pingili moja ya kidole. Lengalenga inyunyiziwe udongo laini juu, basi. Ichanganye kwanza na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vikombe viwili vya mchanga, ili isianguke yote mahali pamoja.

Halafu tandaza nyasi kavu nyembamba juu, na umwagilie juu ya nyasi hizo. Huna kopo la kumwagilia? Toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki. Maji yakimwagwa kutoka kwenye ndoo huchimba udongo na kuzikusanya mbegu zote pembeni. Mwagilia asubuhi, na jioni tena kama jua ni kali. Mbegu iliyokwisha kuanza kuchipua ikakauka siku moja tu, huenda isiamke tena. Lakini usigeuze kitalu kuwa tope, kwani miche huoza shingoni na kulala chini; wakulima wa Tanzania huuita ugonjwa huo kinyausi. Maji ya kusuuzia mboga au vyombo yanafaa. Yenye sabuni nyingi au dawa ya kuondoa madoa, yamwage kwingine.

Siku unayoona kijani cha kwanza, ondoa nyasi jioni hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka kama uzi.

Nafasi je? Uganda, katika makazi kama Nakivale, familia nyingi zimepewa kipande cha ardhi. Walioko Nyarugusu, au kambi za Burundi kama Kavumu na Bwagiriza, mara nyingi wana pale kati ya mlango na kamba ya nguo. Panatosha. Gunia lililojaa udongo na samadi iliyooza, lenye nguzo ya mawe madogo katikati ya kupitishia maji, hubeba miche mingi juu na ubavuni.

Wiki ya tatu miche itabanana, na utaionea huruma. Ing'oe iliyo dhaifu, uipike. Hilo ndilo vuno lako la kwanza. Inayobaki ikate juu, iache ichipue tena.

Nyanya na vitunguu viache hadi uivishe lengalenga mara moja. Vinadai kitalu, kuhamishwa na subira ya miezi.

Mashina mawili yaliyo bora usiyakate kabisa, hata wageni wakija. Yaache yatoe maua, yakauke, kisha sugua masuke juu ya kitambaa na upepete. Hifadhi mbegu ndani ya chupa kavu pamoja na majivu yaliyopoa. Hili halifai kwa pakiti iliyoandikwa F1, kwani watoto wake hawafanani na mama.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya wadudu. Kabla ya hapo, kitambaa chako chenye mbegu 10 kiwe tayari kwenye sahani, na idadi ya zilizochipua iandike juu ya pakiti.