Mkono Unaofundisha Mkono

Mwaka 1959 daktari Catherine Hamlin wa Australia aliwasili Addis Ababa, Ethiopia, pamoja na mumewe Reginald, kwa mkataba wa miaka mitatu. Walikuta wanawake wanaougua fistula. Uchungu wa kuzaa unapodumu siku nyingi bila msaada, kibofu hutoboka, mkojo hauzuiliki, na ndugu humtenga mgonjwa kwa sababu ya harufu. Madaktari hao walijifunza kulishona tundu hilo, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya ugonjwa huo peke yake. Reginald alifariki mwaka 1993. Catherine alibaki huko hadi alipofariki mwaka 2020.

Lakini tutazame jambo jingine. Mgonjwa wao mmoja, Mamitu Gashe, asiyepata kusoma shule, alianza kwa kutandika vitanda vya wenzake. Wakamfundisha kushika kisu, naye akawa mpasuaji stadi wa fistula.

Mara nyingi sisi huwaonea watu huruma, tukawapa sadaka, tukaenda zetu. Huruma iliyokamilika humponya mtu, kisha humwamini. Je, wale tuliowasaidia tumewaachia nini mikononi? Juma hili tumtafute mmoja, tumfundishe kazi tuijuayo.