Ujumbe Unahitaji Nini? Mhadhara wa Umma kwa Wanafunzi Wanaoanza Uhandisi wa Mawasiliano, Sirisia



Vitabu vya fani hii huanza na mchoro wa mtumaji, njia na mpokeaji. Mtauchora mara nyingi hadi mhitimu. Leo natanguliza swali ambalo mchoro huo hauulizi: ujumbe wenyewe unahitaji nini ili ufike?

Mkulima ameuza vitunguu Chwele, amerudi kwake nyuma ya kilima, huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Akimpigia mnunuzi, sauti inakatika. Lakini pesa ya M-Pesa inaingia, na ujumbe wa kuthibitisha unasomeka wote, hadi senti ya mwisho. Simu ni ile ile, mnara ni ule ule, na kilima hakijasogea.

Tuhesabu. Ujumbe mfupi hubeba herufi 160, kila herufi biti 7. Hizo ni biti 1,120. Sauti katika mtandao wa GSM, kwa mfumo wake wa awali, hutumia biti 13,000 kila sekunde. Ujumbe mzima wa pesa, basi, haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde moja ya maongezi. Isitoshe, ujumbe unavumilia: usipopokelewa, mtandao unauhifadhi na kuutuma tena. Sauti haina subira hiyo, kwani jibu likichelewa sekunde nzima, wanaoongea wanaanza kudakizana. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilipita katika njia hiyo nyembamba ya ujumbe mfupi, ambayo kila simu ya bei rahisi tayari ilikuwa nayo. Kwangu mimi, huo ni uhandisi wa hali ya juu kabisa, ingawa hakuna chuma kirefu cha kuonyesha wageni.

Hata hizo biti 13,000 zimepatikana kwa kubana sana. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya sauti kuanzia hezi 300 hadi 3,400 hivi. Ili kuigeuza sauti hiyo kuwa namba, hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, maana vipimo lazima vizidi maradufu ya masafa ya juu kabisa. Kila kipimo kikipewa biti 8, tunapata biti 64,000 kwa sekunde. GSM ikazishusha hadi 13,000. Kilichoachwa nje ni pamoja na sehemu kubwa ya mvumo wa herufi s na f. Ndiyo maana ukimtajia karani asiyekujua jina la Simiyu, huenda ukalazimika kulirudia, ilhali ndugu yako atalishika mara moja, kwa kuwa alikuwa akilitarajia. Kumbukeni hilo: anachokijua mpokeaji tayari ni sehemu ya mfumo.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwamba kila njia ina kikomo cha biti inazoweza kupitisha bila makosa, na kikomo hicho hutegemea upana wa masafa na uwiano wa nguvu ya ishara kwa kelele. Chukueni upana wa hezi 200,000, ule wa mkondo mmoja wa GSM. Ishara ikiwa mara 3 ya kelele, kikomo ni biti 400,000 kwa sekunde. Mkitaka kukifikisha 800,000, ishara lazima iwe mara 15 ya kelele: nguvu mara tano kwa faida mara mbili! Sasa geuzeni mambo, kelele iwe mara 10 ya ishara. Wengi wangesema hapo hakuna mawasiliano tena. Hesabu inasema bado zinapita biti 27,000 na ushee. GSM haikuundwa kufika huko, lakini mlango upo, na mitambo inayosikia ndani ya kelele imejengwa. Mimi hesabu hii bado hunisisimua.

Tusisahau mpaka. Mawimbi hayajui kwamba mto Lwakhakha unatenganisha nchi mbili. Simu hutambua ilipo kwa namba ambazo minara hutangaza, 639 kwa Kenya na 641 kwa Uganda. Wahandisi na wafanyabiashara wanaweza kuamua namba hizo zina uzito gani: mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kuvuka mipaka bila kutozwa gharama za kutumia mtandao wa nchi nyingine.

Kazi yenu ya kwanza, basi. Nendeni wawili wawili, mmoja juu ya kilima na mmoja bondeni. Andikeni nguvu ya ishara ambayo simu inaonyesha, na namba ya mtandao inaoukamata. Pigianeni simu, kisha tumianeni ujumbe, na mwandike kilichofika, kilichochelewa na kilichopotea. Vipimo visivyolingana msivifute. Nitaanza navyo somo la pili.