Kumfundisha Mtoto Kusoma kwa Sauti za Herufi

Tumepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya kazi ambayo sisi tumeifanya karibu miaka ishirini, kwanza katika shule ya kijijini, kisha katika chuo cha kufundishia walimu. Nayo ni kazi ya kumfundisha kusoma mtoto asiyejua hata herufi moja. Wengi hudhani kuwa ni kazi nyepesi, ya kupewa mwalimu kijana aliyeanza jana, na wenye ujuzi wapewe madarasa ya juu. Nasi tulidhani hivyo. Twataka kuwaeleza jinsi tulivyoacha kudhani hivyo, na habari yenyewe ni habari ya mwembe.

Siku hizo tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha pwani. Darasa la kwanza lilikuwa letu, na watoto walikuwa hodari, au sisi tuliwaona kuwa hodari. Kila asubuhi tulisimama mbele ya ubao na fimbo mkononi, tukaonyesha herufi, nao wakaitika pamoja: a, be, che, de. Kisha tukafungua kitabu, tukasoma mstari mmoja, nao wakaufuata. Tukausoma tena, wakaufuata tena. Baada ya miezi michache kila mtoto aliweza kusimama na kitabu chake akatoa ukurasa mzima pasipo kusita. Wageni waliokuja kutazama shule walitusifu, nasi tukazipokea sifa zao bila kuzipima.

Miongoni mwa watoto hao alikuwapo mmoja, umri wake yapata miaka tisa, aliyewapita wenziwe wote. Baba yake alikuwa amekwenda kufanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Tanga, na mama yake hakujua kusoma. Uani kwao palikuwa na mwembe mkubwa wa kale, na jirani yao, fundi wa kuchonga mitumbwi, aliutamani sana. Mara mbili alibisha hodi kuutaka kwa fedha, na mama akamjibu kwa adabu, "Ningoje kwanza, bwana, nimwulize mwenyewe." Akatafuta mtu wa kumwandikia barua. Majuma yakapita, jibu likaja. Mama akamwita mwanawe, akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Hebu nisomee maneno ya baba yako."

Barua ilikuwa fupi. Baba aliwasalimu watu wa nyumbani, akaeleza kuwa ni mzima, kisha akaandika hivi: "Habari ya mwembe nimeipata. Kataa." Mtoto akalitazama neno lile la mwisho. Sasa katika kitabu chetu cha kusomea palikuwa na picha ya mtu mwenye shoka chini ya mti, na neno lililokuwa chini ya picha lilikuwa "kata". Mtoto akaona k, akaona a, akaona t, na shoka na mti vikamjia moyoni mwake, akasoma kwa sauti kubwa ya furaha: "Habari ya mwembe nimeipata. Kata."

Siku ya tatu mwembe ulikuwa chini.

Kosa lilijulikana mjomba wake alipokuja kuwaamkia akaiona ile barua. Kesho yake mama alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Aliiweka barua juu ya meza yetu, akasema, "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Lakini nataka unionyeshe mahali alipokosea mwanangu." Tukamwonyesha ile a ya mwisho. Akaitazama sana, akauliza, "Ni hiyo tu?" Tukamjibu kuwa ni hiyo tu. Akatukunjia barua yake, akaenda zake.

Siku ile ile tuliwajaribu watoto wetu. Tulimwita mmoja asome, na alipofika katikati ya ukurasa tukaufunika kwa karatasi. Akaendelea kusoma vilevile mpaka mwisho. Tukamwita wa pili, tukamgeuzia kitabu juu chini. Naye akasoma, hakuona ajabu. Ndipo tulipotambua kuwa tulikuwa na darasa la kasuku, na kosa halikuwa la kasuku.

Basi kosa lilikuwa wapi? Kwanza lilikuwa katika majina ya herufi. Jina la herufi ni jambo moja, na sauti yake ni jambo jingine. Mwambie mtoto asome neno "mama" kwa kuyataja majina ya herufi zake. Atasema: me, a, me, a. Akiyaunganisha atapata "meamea", kana kwamba ni jambo la mbegu shambani. Na "baba" litakuwa "beabea". Mtoto mwenye akili akiona kuwa herufi hazimpeleki kwenye neno, huziacha, akalishika neno kwa umbo lake au kwa picha iliyo karibu, kisha akakisia. Hivyo ndivyo alivyofanya yule mwana wa mwembe. Alikuwa mwerevu kupita wenziwe, na kwa hiyo alikisia upesi kupita wenziwe.

Mambo haya hayapasi kuwa hivyo katika Kiswahili, maana lugha yetu ina bahati ambayo nyingine hazina. Kiingereza huandika herufi nne zile zile, o, u, g, h, katika neno "though" na "through" na "cough", na kila mara husomwa kwa sauti nyingine. Mtoto wa Kiingereza ana udhuru akikisia. Lakini katika Kiswahili a ni a popote uikutapo, na vivyo hivyo e, i, o, u. Tusidhani kuwa jambo hili lilijileta lenyewe. Wazee waliotutangulia waliandika kila mtu kwa namna yake. Katika kamusi ya Ludwig Krapf, iliyopigwa chapa mwaka 1882, jina la lugha yetu limeandikwa "Suahili". Lakini Edward Steere, aliyepata kuwa askofu baadaye, alikuwa ameandika "Swahili" katika kitabu chake cha mwaka 1870. Mwaka 1928 wajuzi walikutana Mombasa, wakakubaliana kuwa Kiunguja kiwe msingi wa maandishi, na mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ili vitabu vya shule viandikwe kwa namna moja. Njia ilikwisha kulimwa, nasi tuliwapitisha watoto wetu msituni.

Na walimu wa chuoni, wafundishao Kurani, walikuwa wameijua siri hii tangu zamani. Mtoto wao huandikiwa herufi ubaoni pamoja na alama ya irabu yake, akaziunganisha mbili hizo hata sauti itoke. Sisi tulisomea misheni, lakini hatuoni haya kujifunza kwao.

Tulianza upya, basi. Kwanza irabu tano, na kinywa chenyewe kikawa kitabu. Tuliwaambia watoto watazamane: ukisema a kinywa hufunguka sana, ukisema i midomo huvutika kando, ukisema u hukusanyika kama ya mtu apulizaye moto. Baada ya irabu tulichukua herufi ambazo sauti zake zaweza kushikwa zikadumu, nazo ni m, s, l. Mtoto hufunga midomo akavuma: mmm. Akiwa bado anavuma, hufungua kinywa kwa a, na papo hapo "ma" huzaliwa, asihitaji kuambiwa. Herufi kama b, t, k haziwezi kushikwa hivyo. Sauti yake hupasuka mara moja ikatoweka, na mwalimu ajaribuye kuifundisha peke yake huishia kusema "be" au "ke", akarudi katika majina yale yale. Hizo tuliziweka nyuma, tukazifundisha pamoja na irabu zake tangu siku ya kwanza.

Tena angalieni jinsi herufi nane tu zinavyoweza kuzaa. Kwa irabu tano pamoja na m, s, l, mtoto aweza kusoma mama, mimi, sisi, sema, soma, lima, lala, mali, asali, ulimi, simama. Tuliyaandika maneno hayo ubaoni pasipo kusema neno. Tukiandika "simama", aliyesoma alisimama. Tukiandika "lala", alijilaza chini huku wenziwe wakicheka. Hapo twajua kuwa maana imeingia pamoja na sauti.

Hapa tuwaonye walimu vijana, maana twawaona katika chuo wakianguka shimoni humu. Wengine husikia habari za silabi, wakawafundisha watoto kuimba ma, me, mi, mo, mu, na ba, be, bi, bo, bu, asubuhi hata adhuhuri, kwa utaratibu ule ule usiobadilika. Huo nao ni ukasuku, umevaa kanzu nyingine. Mtoto aimbaye hivyo, umwonyeshe "mo" peke yake, ataanza "ma, me, mi" kimoyomoyo mpaka aifikie. Changanya silabi. Anza na mu, rudi me, ruka lo. Tena mpe neno ambalo halimo katika lugha yetu wala ya jirani, mathalani "selamo" au "lumisa". Ajuaye kusoma atalisoma kama lilivyo, kisha akuulize maana yake. Akisiaye atakuambia "salamu". Hatujui kipimo kilicho chepesi kuliko hiki, wala hakina gharama.

Na yule mwembe? Neno "kataa" lilitufundisha jambo la kunde. Tuliwapa watoto kunde kavu, na kila waliposikia pigo moja la sauti katika neno waliweka kunde moja. Ka-ta: kunde mbili. Ka-ta-a: kunde tatu. Mtoto huziona tofauti zao mbele yake, akajua kuwa ile a ya mwisho si pambo la mwandishi. Vivyo hivyo pa na paa, cho na choo. Kunde hizo zilitusaidia tena katika m-tu na m-toto, maana m hapo hupewa kunde yake peke yake; na mtoto wa bara aliyezoea kuandika "mutu" huona kuwa m haikuhitaji u ili isimame. Lakini katika "mbegu" m na b huingia katika kunde moja: mbe-gu. Iko hata "mbuni" yenye mambo mawili: ukitaja ndege mkubwa wa nyikani ni kunde mbili, mbu-ni, ukitaja mti wa kahawa ni kunde tatu, m-bu-ni. Maandishi hayazitengi. Hapo maana ya maneno yaliyo kando ndiyo huamua, na mwalimu aseme hivyo waziwazi, asijifanye kuwa herufi hutosha siku zote.

Herufi mbili zenye sauti moja, kama ch na sh na ny, zifundishwe kama herufi moja. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma zifundishwe siku mbalimbali, mtoto akiwa ameshika pua yake. Katika ng' ya ng'ombe sauti yote hupita puani, naye huisikia vidoleni.

Katika kuandika, twaona kuwa makosa mengi hayatoki mkononi bali sikioni. Mtoto ambaye nyumbani kwao r na l ni kitu kimoja ataandika "kula" akitaka "kura", na ukimpiga fimbo kwa kosa hilo umempiga kwa kosa ambalo hajalisikia. Vivyo hivyo haya na aya, dhahabu na zahabu. Kabla ya kumwandikisha imla, msemeshe. Sema "kula" na "kura" huku umejificha nyuma yake, naye ainue mkono asikiapo r. Sikio likizinduka, mkono hufuata. Kazi hii ni ya polepole, tena yachosha, na mkaguzi akija haoni kitu cha kusifu.

Wazazi mnaojua kusoma mwaweza kuianza nyumbani bila kitabu. Mchanga uko, kidole kiko, kunde ziko jikoni. Msiwafundishe majina ya herufi kwanza. Yatakuja baadaye, watakapohitaji kutumia kamusi.

Yule mtoto tulimweka pamoja nasi kila alasiri. Kwa muda wa majuma sita hakugusa kitabu cha shule. Alisoma mchangani na kwa kunde. Siku moja alituomba karatasi. Alitaka kumwandikia baba yake mwenyewe, wala hakukubali tumsaidie. Aliandika kwa muda wa siku mbili, akiitamka kila silabi kabla ya kuiandika, na aliposita alizitoa kunde mfukoni. Katika barua ile alieleza kuwa mama hakukosa, wala fundi hakukosa, bali yeye ndiye aliyesoma "kata". Neno "kataa" alilipigia mstari chini yake.

Jibu lilipofika aliileta barua ingali imefungwa, akatusomea mbele ya darasa, kidole chake kikienda silabi kwa silabi. Baba aliwasalimu watu wa nyumbani, akaeleza kuwa ni mzima, kisha akauliza jirani ametoa shilingi ngapi.