Kujitolea Nchi za Nje: Tuulize Kabla ya Kusafiri



Vijana wetu wamekuwa wakitujia kutaka dua na mchango waende ng'ambo kulea mayatima. Nia ni njema, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Tazameni Kambodia: baina ya mwaka 2005 na 2010 vituo vya mayatima viliongezeka kwa asilimia 75, ilhali takriban watoto watatu katika kila wanne waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Wageni walilipa ili wawaone mayatima, basi mayatima wakatafutwa! Nasi katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwanasibisha watoto na baba zao. Vipi tumlipe anayewatenga nao?

Kwa hiyo kijana akituletea fomu tutamuuliza: fedha hizi zaishia wapi? Je, wamekutaka cheti cha polisi cha mwenendo mwema? Utakaa muda gani? Maana wiki mbili ni kumzoesha mtoto kisha kumkimbia.

Muuguzi aendaye kuwafundisha wauguzi wenzake, huyo tutamchangia nauli. Asiye na ujuzi, nauli hiyo na ipelekwe kwa mama mjane, amlee mwanawe nyumbani.